Shotigani ya kondensa au dainamiki ya ala: ipi inafaa kurekodia taarabu na ngoma?

Wapiga picha wengi wa video huanza na shotigani, ile maikrofoni ndefu nyembamba ya mahojiano, na siku kikundi cha taarabu au cha ngoma kinapoomba kirekodiwe, huenda nayo hiyohiyo wakiamini kwamba chombo cha bei kubwa hakiwezi kushindwa na cha bei ndogo. Mara nyingi kinachopatikana ni picha safi yenye muziki unaosikika kana kwamba unapigwa ndani ya pipa. Upande wa pili wapo mafundi wa jukwaani waliozoea dainamiki, ile maikrofoni ngumu ya jukwaani isiyohitaji umeme, kiasi kwamba, wakipelekwa kumrekodi mzee anayepiga zeze barazani kwake, huisimamisha hatua tatu mbele yake, kisha wakashangaa kusikia sauti ya "shii" ikishindana na nyuzi.

Wote hawa wameichagua maikrofoni kabla ya kujua itasimama wapi. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya uchaguzi huu huamuliwa na umbali uliopo kati ya maikrofoni na ala, na kinachobaki huamuliwa na chumba. Ukiweza kuifikisha maikrofoni shubiri moja kutoka kwenye ala, dainamiki itakutosha kwa ala nyingi. Usipoweza, ama kwa sababu kamera itaiona, ama kwa sababu mpigaji anacheza huku akizunguka, shotigani ndiyo itakayokufaa, mradi uko nje au ndani ya ukumbi usio na mwangwi mwingi.

Kwa mfano nitatumia maikrofoni mbili ambazo takwimu zake zinajulikana na ambazo nyingine zote hupimwa kwazo: Sennheiser MKH 416 ya Ujerumani, ambayo imekuwa mikononi mwa wanasa sauti wa filamu na televisheni tangu miaka ya 1970, na Shure SM57 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1965 na ambayo hadi leo hukutwa mbele ya spika za gitaa, kwenye ngoma, na hata kwenye meza za hotuba za marais wa Marekani. Si lazima ununue hizi hasa. Utakachosoma kuhusu hizi mbili kitakuwa kweli pia, kwa kiasi kikubwa, kuhusu Rode NTG2 kwa upande mmoja na Sennheiser e 906 kwa upande mwingine.

Kilichomo ndani

Ndani ya dainamiki mna utando uliobandikwa kwenye koili ya waya, na koili hiyo imening'inia katika uga wa sumaku. Sauti ikiusukuma utando, koili hutembea na kuzalisha umeme kidogo, bila kuhitaji betri wala umeme wa nje. Koili ina uzito, na uzito huo ndio unaoeleza tabia nyingi za dainamiki: huvumilia kelele kubwa na vishindo vya safari, lakini huchelewa kuzifuata sauti nyepesi na za haraka, na masafa ya juu kabisa huyafikia kwa shida. Karatasi ya vipimo ya SM57 huonyesha masafa kuanzia hezi 40 hadi hezi 15,000. Ile ya MKH 416 huonyesha hezi 40 hadi 20,000.

Kondensa haina koili. Utando wake ni mwepesi sana na umekaa mbele ya bamba kwa nafasi ndogo mno. Unapotikisika, uwezo wa viwili hivyo kuhifadhi chaji hubadilika, na saketi iliyomo ndani ya maikrofoni huyageuza mabadiliko hayo kuwa ishara ya sauti. Kwa kuwa hakuna mzigo wa kubeba, utando huo huufuata hata mguso mdogo wa kucha juu ya waya. Gharama yake ni kwamba saketi lazima ilishwe umeme, kwa kawaida wa volti 48, unaotoka kwenye miksa au kinasa sauti na kupita kwenye kebo ileile inayoleta sauti. Mafundi huuita fantomu.

Mrija wa shotigani ni jambo jingine kabisa, wala hauhusiani na ukondensa. Katika miaka ya 1960 Electro-Voice ya Marekani ilitengeneza shotigani maarufu, 642, ambayo ilikuwa dainamiki. Mrija una mipasuo ubavuni. Sauti inayotoka mbele hupita mrija mzima na kufika kwenye utando kwa pamoja. Inayotoka ubavuni huingia kwenye mipasuo tofauti, vipande vyake hufika kwenye utando kwa kuchelewana, na vikikutana hufutana. Lakini ufutaji huo unahitaji wimbi la sauti liwe fupi kuliko mrija wenyewe. MKH 416 nzima ina urefu wa sentimita 25, na wimbi la urefu huo ni la masafa ya karibu hezi 1,400; sehemu yenye mipasuo ni fupi zaidi ya hapo. Chini ya masafa hayo mrija hausaidii kitu kikubwa, na maikrofoni hugeuka kuwa ya kawaida tu yenye mwelekeo wa wastani. Sasa hesabu vilivyo chini ya hezi 1,400: nyuzi zote nzito za udi, besi yote, mzizi wa sauti ya kila mwimbaji, mvumo wa feni, mvumo wa jenereta, na magari ya barabarani kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo shotigani haivuti sauti ya mbali kama wengi wanavyodhani. Kazi yake ni kupunguza sauti kali za ubavuni, na masafa mazito huyaacha yaingie karibu yalivyo.

Umbali, kwa hesabu

Sauti yenye nguvu ya desibeli 94 ndiyo kipimo ambacho viwanda hutumia kueleza usikivu wa maikrofoni. Kwa sauti hiyo MKH 416 hutoa milivolti 25, na SM57 hutoa takriban milivolti 1.6. Tofauti ni zaidi ya mara 10. Udi unaopigwa taratibu, ukisikilizwa kutoka mita moja, hauzidi sana sauti ya mtu anayezungumza, na tukikadiria desibeli 64, MKH 416 itatoa milivolti 0.8 na SM57 itatoa milivolti 0.05 tu. Ili kuifikisha ishara hiyo ndogo kwenye kiwango cha kurekodia, kinasa sauti hulazimika kuikuza mara maelfu, na huukuza pamoja nayo uchafu wa saketi zake chenyewe. Hiyo ndiyo "shii" ya yule mzee wa zeze. Kinasa sauti cha bei kubwa kitaipunguza, lakini hakiwezi kuiondoa.

Tuisogeze basi SM57 hiyohiyo. Kila umbali unapopungua kwa nusu, sauti huongezeka kwa desibeli 6 hivi. Kutoka mita moja hadi sentimita 10 ongezeko ni desibeli 20 kwa makadirio, yaani ishara inakua mara 10, na milivolti 0.05 zinakuwa 0.5. Maikrofoni ya dola 100 imekaribia kutoa ishara sawa na ile ya dola 1,000 iliyobaki mita moja nyuma, na haikuhitaji chochote zaidi ya stendi fupi na ruhusa ya mpigaji.

Faida ya pili ya kusogea ni kubwa kuliko ya kwanza. Chukua ukumbi ambao umeme umekatika na jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Shotigani ikiwa mita mbili kutoka kwa mpigaji, mvumo wa jenereta utaingia karibu wote, kwa kuwa ni wa masafa ya chini ambayo mrija hauyagusi. SM57 ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye ala, ala imepata nguvu ya ziada ya desibeli 20 dhidi ya jenereta lilelile, na hakuna mrija wa urefu huo unaoweza kukupa desibeli 20 kwenye masafa hayo. Muuzaji akikuambia kwamba shotigani "inakata kelele," mwulize kelele zipi. Kelele za watoto wanaocheza pembeni, ndiyo, kwa kiasi. Jenereta, hapana.

Chumba

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, zenye kuta nene zilizopakwa chokaa na dari za juu, ni nzuri kuimbia na ngumu kurekodia. Sauti ya ala hugonga ukuta, sakafu na dari, na kurudi kutoka pande zote ikiwa imechelewa kidogo. Hapo ndipo shotigani inapoaibika. Mwangwi unaoingia ubavuni hukatwa masafa yake ya juu bila mpangilio, mengine yakifutwa na mengine yakiachwa, huku yale ya chini yakipita. Sauti iliyonyooka kutoka kwenye ala huwa safi, mwangwi wake huwa mzito na wa ajabu, na viwili hivyo vikichanganyika ndipo unapopata lile pipa. Mpigaji akiinama kidogo au akigeuza bega, rangi ya sauti hubadilika. Wanasa sauti wa filamu wanalijua hili, na ndiyo maana wakiingia kwenye chumba kidogo wengi huiweka shotigani kando na kuchukua kondensa fupi isiyo na mrija.

Dainamiki iliyo karibu na ala haikombolewi na ufundi wowote wa pekee. Inakombolewa na umbali. Mwangwi wa chumba ni uleule, lakini ala imeuzidi kwa mbali. Zulia sakafuni na mito ya barazani nyuma ya mpigaji vitakusaidia katika hali zote mbili, na ni rahisi kuliko maikrofoni yoyote.

Ala kwa ala

Udi ni ala ya kujifunzia, kwa sababu huonyesha makosa yote. Mpigaji huukumbatia, uso wa mbao ukitazama mbele na juu kidogo. Ukiielekeza SM57 moja kwa moja kwenye tundu kubwa kwa umbali wa kiganja, utapata pumzi nzito ya hewa iliyomo ndani ya bakuli la udi, pamoja na besi ya ziada ambayo kila maikrofoni yenye mwelekeo huiongeza inaposogezwa karibu mno. Risha, yaani kidonoleo cha udi, itasikika kana kwamba imefunikwa. Iondoe mbele ya tundu, uielekeze kati ya tundu na daraja linaloshika nyuzi, sentimita 15 hadi 20, ikiwa ya mshazari na ikitazama mahali risha inapogusa nyuzi. SM57 huyanyanyua masafa ya karibu hezi 5,000 hadi 6,000, na mkwaruzo wa risha una sehemu yake hapo, kwa hiyo udi hutokeza mbele ya fidla bila kuguswa kwenye miksa. Besi ikiendelea kujaa, rudisha maikrofoni nyuma kwa vidole vitatu kabla hujagusa kitufe chochote. Shotigani juu ya udi, mita moja, katika chumba chenye mazulia, itakupa udi wenye hewa na undani zaidi. Siwezi kukataa kwamba kwa udi wa peke yake, bila kikundi, mara nyingine hiyo ndiyo sauti nzuri zaidi.

Kwa kanuni, dainamiki hupungukiwa. Ala hiyo hulazwa mapajani, ina nyuzi zaidi ya 70 zilizopangwa tatutatu, na mpigaji hudonoa kwa vidonoleo vilivyofungwa kwenye vidole vya shahada. Uzuri wake uko katika mng'ao wa juu, ule unaobaki hewani baada ya donoo, na mng'ao huo ndio SM57 isiyoufikia vyema. Kondensa inahitajika hapa. Hata hivyo si lazima iwe shotigani: kondensa fupi ya kadioidi, yaani inayosikia mbele zaidi kuliko nyuma, kama vile Shure SM81 au Rode NT5, ikining'inia sentimita 40 juu ya nyuzi, itaishinda shotigani katika vyumba karibu vyote, kwa sababu haina mrija wa kuharibu mwangwi. Ikiwa shotigani ndiyo pekee uliyonayo, iweke juu, itazame chini kuelekea nyuzi, na sakafu iwe na zulia.

Dumbaki ni la dainamiki bila mjadala. Sentimita 10 juu ya ukingo wa ngozi, ikielekea nusu ya njia kwenda katikati, SM57 itapokea "dum" na "tak" bila kukwaruza hata mpigaji akipandwa na mori. Watu hudhani kwamba kondensa itapasuka kwa kishindo hicho. MKH 416 huhimili desibeli 130, kiwango kikubwa sana, na tatizo huanza baada ya maikrofoni: kwa desibeli 130 hutoa zaidi ya volti moja na nusu, na vinasa vingi vidogo vya mkononi haviwezi kupokea ishara kubwa hivyo kupitia mlango wa maikrofoni. Sauti inakwaruza ndani ya kinasa, na kupunguza sauti kwenye kompyuta baadaye hakurudishi kilichokatwa. Rika, lile tari dogo lenye vijichuma, nayo hunufaika na uzito wa koili, kwani vijichuma vyake vikali hupoa kidogo.

Fidla ina kisa kingine. SM57 iliyo karibu huukuza mkwaruzo wa upinde pale pale inaponyanyua masafa yake, na fidla moja huanza kusikika kama mbili zinazogombana. Kwa safu ya fidla tatu au nne, kama ilivyo kawaida katika vikundi vikubwa vya taarabu vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa, shotigani moja iliyoinuliwa mita moja juu ya safu, ukumbini mwenye watu na mapazia, hufanya kazi nzuri kuliko dainamiki tatu. Akodioni hutoa sauti pande mbili, na upande wa kushoto husogea kila mpigaji anapovuta. Dainamiki ikae sentimita 30 au 40 upande wa vitufe vya kulia, kwani ikiwa karibu zaidi sauti itapanda na kushuka kwa kufuata mkono. Besi kubwa ya kusimama ni dainamiki, karibu na tundu lake la mbele, na hapana zaidi la kusema.

Kuhusu kwaya ya watu 40 kanisani, jibu langu ni kwamba hakuna kati ya hizi mbili inayofaa. Dainamiki haifikii, na shotigani iliyoelekezwa katikati itayachukua masafa ya juu ya waimbaji wachache wa safu ya kati huku wengine wakisikika kama wako nje ya mlango. Kodisha kondensa mbili fupi.

Uwanjani

Nje, ambako hakuna kuta za kurudisha mwangwi, shotigani hupata heshima yake yote. Ngoma ya muheme ya wanawake wa Kigogo mkoani Dodoma, au sindimba ya Wamakonde, haichezwi na watu waliokaa mahali pamoja, wala huwezi kumfunga mchezaji stendi. Shotigani kwenye fito, ikiwa mita moja hadi moja na nusu juu ya wachezaji na ikielekezwa chini kwa mshazari, huwafuata wanavyokwenda. Kuielekeza chini kuna maana: kilicho nyuma ya mchezaji kinakuwa ardhi, badala ya barabara au watazamaji wanaopiga soga. Hapo pia wepesi wake unahesabika, kwani MKH 416 ina gramu 165 na SM57 ina gramu 284, na mkono ulioshika fito kwa saa nzima huujua utofauti huo vizuri sana.

Adui wa nje ni upepo. Sponji nyeusi inayouzwa na maikrofoni huzuia upepo wa feni ya mezani, si kusi linalovuma Forodhani jioni. Kwa pwani, shotigani inahitaji kikapu chake kilichovikwa manyoya, na bei ya kikapu hicho lazima ihesabiwe tangu mwanzo kama sehemu ya bei ya maikrofoni. Dainamiki yenye sponji nene, ikiwa karibu na ala, huteseka kidogo kuliko kondensa tupu, ingawa nayo si salama.

Palipo na marimba au zeze katikati ya ngoma, mpigaji wake akiwa amekaa, weka SM57 kwenye stendi fupi mbele yake na uirekodi katika njia yake ya peke yake. Shotigani ibaki na duara zima. Wakati wa kuchanganya, kumbuka kwamba sauti huchukua takriban milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo marimba yatafika kwenye shotigani yakiwa yamechelewa. Sogeza njia moja kwenye kompyuta mpaka mawimbi ya njia zote mbili yalingane, la sivyo marimba yatasikika membamba na matupu.

Jukwaani penye spika

Shotigani haifai kwenye jukwaa lenye spika. SM57 ni ya kadioidi, na mahali isiposikia kabisa ni nyuma yake, kwa hiyo spika ya wapigaji huwekwa hapo na maikrofoni hailii, yaani haitoi ule mlio mkali wa sauti ya spika kuirudia maikrofoni. Shotigani haina sehemu ya namna hiyo nyuma. Husikia kiasi fulani cha kilicho mgongoni kwake, na kwenye masafa ya chini husikia hata ubavuni. Kwa usikivu wake mkubwa, italia kabla udi haujasikika kwa watazamaji wa safu ya mbele. Isitoshe, mpigaji akitoka kwenye mstari wake mwembamba wa masafa ya juu, sauti inafubaa ghafla na fundi wa miksa anakimbilia vitufe akidhani kuna kilichoharibika.

Umeme, kinasa sauti na unyevu

Kabla ya kununua, tazama tundu la kamera yako. Tundu dogo la milimita 3.5 halitoi volti 48, kwa hiyo MKH 416 haiwezi kufanya kazi hapo bila kifaa cha kuilisha. Itahitaji kinasa sauti chenye matundu ya XLR (yale ya duara ya plagi yenye pini tatu) na fantomu, kama vile Zoom H5 au H6. Rode NTG2 inaweza kutumia betri moja ya AA, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wengi kuanza nayo. SM57 haihitaji umeme, lakini ukiiunganisha moja kwa moja kwenye kamera kwa kebo ya kubadilisha plagi, utakutana tena na ile "shii," kwa sababu vikuza sauti vya ndani ya kamera nyingi ni dhaifu. Zote mbili, kwa maneno mengine, zinakudai kinasa sauti kizuri, na dainamiki inadai kizuri zaidi. Fantomu ikiwashwa kwa bahati mbaya haiiumizi SM57, mradi kebo ni nzima.

Unyevu ni jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipitia juu juu, lakini kwa anayefanya kazi Lamu, Mombasa au Pemba ni la kila siku. Kondensa ya kawaida huhifadhi chaji kwenye nafasi nyembamba, na unyevu ukiingia, chaji huvuja na maikrofoni huanza kutoa milio ya "pa, pa" kama mafuta ya kukaangia yaliyoingiwa na maji. Hali mbaya zaidi ni kuitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuipeleka moja kwa moja kwenye joto la nje, kwani matone huganda juu ya utando. Iache ndani ya mkoba wake uliofungwa nusu saa nje kabla ya kuifungua, na mkobani uwe na vifuko vya silika. MKH 416 imejengwa kwa namna tofauti: utando wake ni sehemu ya saketi ya mawimbi ya redio, ambayo haisumbuliwi sana na uvujaji huo, na hiyo ndiyo sababu wanasa sauti wa misituni na baharini huiamini. Shotigani nyingi za bei nafuu hazina mfumo huo. SM57 haijali. Ikishika kutu kwenye wavu, inasuguliwa. Kiini chake kikiharibika, kipya huuzwa peke yake na fundi yeyote mwenye moto wa kulehemu huweza kukibadilisha.

Fedha

Huko Marekani SM57 huuzwa kwa takriban dola 100 na MKH 416 kwa takriban dola 1,000, kabla ya usafirishaji na ushuru. Tatizo la SM57 ni bandia, ambazo zimeenea duniani kiasi kwamba kampuni yenyewe hutoa tahadhari. Nenda dukani na mizani ndogo ya jikoni: halisi ina gramu 284, na bandia nyingi ni nyepesi zaidi. Bei iliyo nusu ya bei ya kawaida haihitaji hata mizani.

Anayerekodi vikundi vya taarabu ndani ya kumbi aanze na SM57 mbili au tatu na kondensa fupi moja kwa ajili ya kanuni, kabla hajafikiria shotigani. Anayepiga filamu za ngoma, mahojiano na sherehe za nje aanze na shotigani na kikapu chake, kisha aongeze SM57 moja. Ambaye tayari ana shotigani na kinasa sauti chenye matundu mawili ndiye mwenye bahati, kwa kuwa anapungukiwa na kitu kidogo sana: SM57 moja, stendi fupi ya mezani au ya sakafuni, na kebo ya XLR ya mita 10. Asipunguze urefu wa kebo ili kuokoa shilingi chache, maana kebo fupi huilazimisha maikrofoni ikae kilipo kinasa sauti badala ya kukaa ilipo ala.